UZI: Supamaketi ya Wachina hapa Dodoma, nini cha kununua, nini cha kuacha na namna ya kusoma pakiti

#1 Mpishi wa Ilazo

Wakuu salaam. Mi napika chakula cha oda, mchana napeleka maofisini Mtumba na wikiendi napika kwenye shughuli za watu, kwahiyo supamaketi ya Wachina naijua rafu kwa rafu na kila siku watu wananiuliza pembeni dada ile kitu unaweka kwenye kuku ni nini na unaipata wapi. Nimeona niandike hapa mara moja kila mtu asome na wenye ujuzi zaidi yangu waongezee.

Hizi supamaketi zimewafuata Wachina waliokuja kujenga humu mjini, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato na majengo mengine, mteja wao wa kwanza ni Mchina mwenzao, ndo maana ukiingia nusu ya vitu huwezi kusoma hata jina. Watu wanaogopa wanaishia kwenye biskuti na vyombo vya plastiki. Wengine wananunua visivyo, mtu anatoka na mchele, vitunguu saumu na mdalasini, vitu ambavyo pale soko la Majengo vipo tena vizuri zaidi, afu soya sosi kaiacha.

Tuanze na hiyo soya sosi maana ndo sababu kubwa ya mimi kwenda. Zipo mbili. Nyepesi chupa imeandikwa 生抽, nzito imeandikwa 老抽, we shika herufi ya kwanza tu inatosha. Nyepesi ndo ya ladha, ina chumvi kali, hiyo unalowekea kuku na nyama, unaweka kwenye wali wa kukaanga, kwenye mboga. Nzito ni ya rangi, nyingi zinaongezwa karameli, kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima ya nyama kupata ule wekundu wa kahawia unaong'aa. Ukimimina nzito kwa kipimo cha nyepesi wali unatoka mweusi tii na hauna ladha ya maana. Ukiwa na hela ya chupa moja tu nunua nyepesi.

Sasa kuna kitu nataka mkijue, nyuma ya chupa tafuta hii 氨基酸态氮, ni kipimo cha naitrojeni ya asidi amino, yaani soya imechachuka ikatoa utamu kiasi gani. Kwa viwango vya China gramu 0.80 kwa mililita 100 kwenda juu ni daraja la juu kabisa, 0.70 ni la kwanza, 0.55 la pili, 0.40 la tatu. Unaweza kukuta chupa mbili zimekaa pamoja bei zinakaribiana kabisa moja ni 0.40 nyingine 0.80. Hiyo namba haidanganywi na picha nzuri ya nje. Na msiangalie bei ya chupa, gawanyeni kwa ujazo, kale kachupa ka mililita 150 ka supamaketi za kawaida ukikapigia hesabu mbele ya chupa ya 500 mtaelewa ninachosema.

Kingine ni mafuta ya ufuta, yale ya rangi ya kahawia yenye harufu nzito, ufuta unakaangwa kabla ya kukamuliwa. Hayo sio ya kukaangia, ukiyachemsha sana harufu yote inapotea, unadondoshea mwisho chakula kikishaiva. Siki nyeusi ya Zhenjiang pia, inatengenezwa kwa mchele ule unaonata, haina ukali wa siki nyeupe, ina utamu ndani yake. Mbuzi choma wa hapa kwetu na ile siki, pilipili na kitunguu maji kilichokatwa nyembamba, mkajaribu wenyewe. Uyoga mkavu nao chukueni, unaloweka unavimba, na maji ya kulowekea usimwage, chuja upikie mchuzi. Tofu ipo. Tambi za choroko zipo, nitazielezea huko mbele.

Vya kuacha. Mchele, hapana, mtu upo nchi yenye Kyela, Ifakara na Shinyanga unanunua mchele wa kufungashwa kutoka mbali wa nini. Vitunguu saumu vyao ni vikubwa vinamenyeka haraka, China wanalima karibu robo tatu ya saumu yote ya dunia, lakini harufu ya saumu ya Mbulu haviifikii. Mdalasini wao ni lile gome nene gumu, wa Zanzibar ni tabaka nyembambanyembamba na mtamu zaidi, na lile gome nene lina kumarini nyingi ambayo ikizidi sio nzuri kwa ini. Mboga za majani zipo kwenye friji mle ila chainizi ya sokoni imekatwa asubuhi na bei haifanani.

Karibuni wadau, ongezeeni.

#2 Kipanga Dom

Nakaa siti ya mbele kabisa. Mkuu ipo wapi hiyo, maana mi najua moja tu na nimepita nje miaka yote nikijua ni ya vifaa vya ujenzi

#3 Mpishi wa Ilazo

Nimekutumia PM mkuu. Jina silitaji hapa uzi usije ukageuka tangazo la mtu. Na hata hivyo ninayosema yanatumika duka lolote la Kichina, liwe la Dom au la Dar.

#4 Mama Twins Kisasa

Dada asante kwa moyo wako. Mi kinachonikwaza ni tarehe. Unachukua pakiti ya tambi unakuta tarehe ya mwaka jana, unajiuliza imeisha au vipi, ukimuuliza yule binti wa kaunta nae hajui anasema mbona watu wananunua. Mi nina watoto wadogo siwezi kubahatisha.

#5 Laoshi Mdogo

Hapa naomba niseme mimi, Kichina nilisoma Taasisi ya Confucius pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ile iliyofunguliwa 2013.

Mama Twins, pakiti nyingi za China haziandiki tarehe ya kuisha kama tulivyozoea. Wanaandika tarehe ya kutengenezwa, afu pembeni wanaandika inakaa muda gani, we ndo unajumlisha. Tarehe ya kutengenezwa inatanguliwa na 生产日期. Muda wa kukaa unatanguliwa na 保质期. Kwenye huo muda utakuta namba afu 个月 ambayo ni miezi, au 年 ambayo ni mwaka, au 天 ambayo ni siku. Na tarehe zao zinaanza na mwaka, unafuata mwezi, afu siku. Kwahiyo ukiona 20250310 na sehemu nyingine 18个月, imetengenezwa tarehe 10 Machi 2025 na inaenda mpaka Septemba 2026. Hapo tambi zako za mwaka jana zinaweza kuwa nzima kabisa, na pia unaweza kukuta kitu cha miezi michache tu iliyopita kimeshaisha kwa sababu kilikuwa na 90天.

Mara nyingi hiyo tarehe haipo karibu na maandishi, wameigonga kwenye mshono wa pakiti, kwenye kifuniko au chini ya kopo, na pale kwenye maandishi wamekuelekeza tu uangalie huko. Geuza geuza utaiona. Stika ya Kiingereza iliyobandikwa na muagizaji isome lakini usiishie hapo, linganisha na tarehe iliyogongwa kiwandani. Zikipishana, rudisha rafuni.

#6 Mama Twins Kisasa

Hili jibu nimelipiga skrinshoti naliweka kwenye simu. Mungu akubariki kaka.

#7 Mzee wa Sabasaba

Kuongezea kwa kijana hapo juu, ukikuta kitu kimeisha muda na bado kipo rafuni usiondoke kimya. Mwambie meneja akitoe, asipotoa TBS, Shirika la Viwango, wana ofisi hapa hapa Dodoma, tangu 2019 wao ndo wanasimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, daini jamani, ukidai risiti una ushahidi wa ulichonunua, lini na wapi. Bila risiti utalalamika na nani akusikie.

#8 Ustaadh wa Chamwino

Assalaam aleykum wakuu. Uzi mzuri ila kwetu Waislamu kuna jambo kubwa kuliko tarehe. Nguruwe. Wenzetu wanaweka mpaka sehemu usizotegemea, na ukimuuliza mhudumu ambae nae ni Mtanzania mwenzako anakujibu kwa kukisia. Laoshi tusaidie.

#9 Laoshi Mdogo

Waaleykum salaam ustaadh. Herufi ya kuikariri ni hii 猪. Popote ukiiona hiyo, ni nguruwe. 猪肉 nyama yake, 猪油 mafuta yake, na hayo mafuta ndo yanajificha kwenye keki na vile vitumbua vyao vya kuokwa. Shida ni kwamba Mchina akiandika nyama peke yake, 肉, bila kusema ya nini, mara nyingi anamaanisha nguruwe, kwahiyo usijipe moyo kwa kutoona ile herufi. Ng'ombe ni 牛, kuku 鸡, kondoo na mbuzi 羊, samaki 鱼, kamba 虾. Soseji zile kavu nyekundu zinazoning'inia karibu zote ni nguruwe. Jeli na pipi za kutafuna angalia 明胶, hiyo ni jelatini, na mara nyingi haisemwi imetoka mnyama gani, ukiwa na shaka acha.

Pombe ni 酒. Kuna chupa ya 料酒 inakaa jirani kabisa na soya sosi na rangi inakaribiana, hiyo ni mvinyo wa kupikia. Wengi wanaichukua wakidhani ni siki. Siki ni 醋.

Alama ya kutafuta ni 清真, ndo halali kwa Kichina. China kuna Waislamu wengi, Wahui na Wauyghur, kwahiyo bidhaa zenye hiyo alama zipo, hasa tambi na nyama ya ng'ombe ya kopo.

#10 Ustaadh wa Chamwino

Jazakallahu kheri. Hizo herufi naziandika karatasini nimpe mama watoto awe nayo kwenye pochi.

#11 bintimtumba

Na wenye aleji wasisahauliwe jamani. Mdogo wangu karanga zikimgusa tu anavimba. Laoshi karanga zinaandikwaje?

#12 Laoshi Mdogo

花生. Ufuta 芝麻. Soya 大豆. Ngano 小麦, na kumbuka soya sosi nyingi zina ngano ndani, mwenye tatizo na ngano asidhani ni soya tupu. Na oysta sosi inatokana na chaza kwahiyo mwenye aleji ya vitu vya baharini vyenye magamba awe makini nayo, kuna ya uyoga inafanya kazi hiyohiyo.

#13 Mgogo Halisi

Mnanisikitisha. Mtu anaacha mama muuza mchicha wa Majengo, anaacha vijana wa Soko la Job Ndugai, anapeleka hela kwa Mchina, na hela hiyo inapanda ndege. Sisi wenye mji tunabaki kuangalia. Jiko la Mgogo lilikuwepo na mlenda, ugali wa uwele na karanga kabla ya hivi vichupa. Mtu ananiambia uyoga mkavu ni kitu kipya wakati bibi zetu wanakausha mlenda na majani ya kunde juani mpaka leo, unakaa mpaka kiangazi kingine. Hivyo ndo tungeviwekea rafu na vibandiko.

#14 Kiboko ya Bei

Mkuu Mgogo nakuelewa ila sheria ilishazungumza. Amri ya Julai 2025 iliwafungia wasio raia biashara 15, humo kuna kunyoa, kutengeneza simu, kuongoza watalii, kutuma na kupokea hela kwa simu, na biashara ya jumla na rejareja imo pia, ila supamaketi zimeachwa nje ya katazo. Kwahiyo Mchina wa supamaketi yupo kihalali, mwenye kibanda ndo hatakiwi.

#15 Mgogo Halisi

Kihalali sawa. Mimi naongelea mama wa mchicha.

#16 Mpishi wa Ilazo

Mgogo Halisi naomba nikujibu kwa heshima maana unachosema kinaniuma hata mimi. Rudia kusoma bandiko la kwanza, mboga nimesema sokoni, mchele wa kwetu, saumu ya Mbulu, mdalasini wa Zanzibar. Kwa Mchina nachukua kile ambacho mama wa Majengo hana. Kikapu changu kikubwa bado kinajaa sokoni.

Ila kuna jambo nataka tulitazame kwa pamoja. Ufuta. Sisi ni kati ya wazalishaji wakubwa wa ufuta duniani, unalimwa Lindi, Mtwara, na hata huku kwetu Dodoma na Singida upo, na mnunuzi mkubwa ni huyohuyo Mchina. Afu mimi nanunua mafuta ya ufuta yaliyokaangwa kwenye chupa yenye maandishi ya Kichina. Soya nayo wameruhusu ya kwetu iingie kwao tangu 2020. Choroko zinalimwa wilaya zetu hizi hizi, na zile tambi zinazong'aa kama kioo zimetengenezwa kwa wanga wa choroko. Alizeti tumeweza, Singida na Dodoma mashine za kukamua zipo kila kona, kwanini ufuta wa kukaanga usikamuliwe hapo hapo? Siku kijana wa Mpwapwa akitoa mafuta hayo kwenye chupa safi mimi mteja wake wa kwanza, na oda yangu sio ndogo. Na mlenda wako ukaushwe vizuri uwekwe kwenye pakiti yenye tarehe, watu wa Dar wanaokuja na treni ya SGR wanaulizia zawadi ya Dodoma zaidi ya zabibu na hawaipati.

#17 Mgogo Halisi

Hapo kwenye mlenda umesema. Mke wangu anakausha. Njoo PM.

#18 Dokta wa Zamu

Salaam wakuu. Nina mawili na yote nayaona wodini au nayasoma kazini, msiyachukulie poa.

La kwanza chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi kina sodiamu kama miligramu 900. WHO wanasema mtu mzima kwa siku asizidi miligramu 2000, ambazo ni chumvi gramu 5 kutoka kila kitu ulichokula. Kwahiyo vijiko viwili tu na siku yako imeisha, bado hujagusa mkate wala supu. Mwenye presha, mwenye shida ya figo, na wazee tunaokaa nao, ukitumia soya sosi chumvi ya kawaida usiweke kabisa kwenye sufuria hiyo. Nyingine zimeandikwa 减盐, zimepunguzwa chumvi, chukua hizo.

La pili uyoga, hasa ule mweusi unaofanana na sikio, 木耳. Mpishi kasema uloweke, sawa, ila naomba muda uzingatiwe. Loweka kwa maji safi saa moja au mbili tu, ukitaka zaidi weka kwenye friji. Usilaze mezani usiku kucha, tena Dodoma yetu hii ya Oktoba na Novemba jikoni kunachemka. Kuna bakteria anaweza kuota kwenye vyakula vilivyolowekwa au kuchachushwa muda mrefu kwenye joto, anatoa sumu inaitwa asidi ya bongkreki, haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. China Oktoba 2020, mkoa wa Heilongjiang, watu 9 walikufa kwa tambi za mahindi zilizochachushwa nyumbani. Na sio mbali hivyo, Januari 2015 hapo Tete Msumbiji watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba, uchunguzi ukakuta sumu hiyohiyo. Uyoga wenyewe hauna tatizo lolote. Loweka kidogo, pika, maliza, kilichobaki kilicholowekwa tangu jana mwaga.

#19 Mpishi wa Ilazo

Dokta asante sana. Naloweka asubuhi kwenye friji napika mchana hivyo nipo salama ila sijawahi kuwaambia watu huo muda na nilitakiwa niutaje. Naomba kila anaesoma uzi huu asome bandiko namba 18.

#20 Kiboko ya Bei

Dokta na ile unga mweupe wa 味精, si ndo ajinomoto? Kwetu tuliambiwa inamaliza nguvu za kiume na inaleta kansa

#21 Dokta wa Zamu

Ndio, ni monosodiamu glutameti, alama E621. Mjapani Kikunae Ikeda ndo aliitoa kwenye majani ya bahari mwaka 1908. Glutameti hiyohiyo ipo kwenye nyanya zilizoiva, kwenye uyoga na kwenye dagaa, ndo maana mchuzi wa dagaa na nyanya unakuwa mtamu. Vile vikyubu vya supu mnavyoweka kila siku karibu vyote vinayo, soma pakiti. Hayo ya nguvu za kiume na kansa hayana ushahidi. Ina sodiamu kama asilimia 12, chumvi ya kawaida ina kama 39, kwahiyo ukiweka kidogo ukapunguza chumvi unakuwa umefanya vizuri. Tatizo ni mtu anamwaga zote mbili kwa wingi.

#22 bintimtumba

Mpishi uliahidi tambi za choroko. Tupo wengi hapa tumepanga chumba kimoja na jiko la gesi plet moja, tupe kitu cha haraka cha bei ya chini tafadhali

#23 Mpishi wa Ilazo

Haya mdogo wangu. Pakiti tafuta 粉丝, na kwenye viambato angalia 绿豆, hapo ni choroko kweli, maana kuna za viazi na za mchanganyiko ambazo zinarojeka haraka. Shika fungu moja dogo, weka kwenye bakuli la maji ya moto funika dakika kama kumi, zikilainika zimwage maji zikate na mkasi mara mbili zisikusumbue. Huku pembeni kaanga mayai mawili kwa mafuta ya alizeti, yavuruge, yatoe pembeni. Sufuria hiyohiyo weka saumu ya Mbulu iliyopondwa na tangawizi, karoti imekatwa nyembamba, chainizi ya jero, mashina kwanza majani baadae. Moto uwe mkali. Mimina tambi, soya sosi nyepesi kijiko kimoja na nusu, maji robo kikombe maana hizi tambi zinanyonya sana, geuza mpaka maji yaishe, rudisha mayai. Zima moto ndo udondoshee mafuta ya ufuta nusu kijiko cha chai. Chumvi usiweke. Watu wawili wanashiba, na ukipika kwa watatu ongeza mboga usiongeze soya sosi.

Tofu kama unapenda kata vipande, kausha kwa taulo safi, kaanga mpaka iwe na ngozi ya kahawia kwanza. Ikibaki iweke kwenye chombo chenye maji safi kwenye friji ubadilishe maji kila siku. Huna friji nunua ya kula siku hiyo tu.

#24 Mnyampaa wa Iramba

Mi natokea Singida wakuu na kuku wa kienyeji ndo habari yetu. Mpishi hizi sosi zinaendana na kuku mgumu au ni za broila tu?

#25 Mpishi wa Ilazo

Kuku wa kienyeji ndo zinampenda zaidi kaka, broila anaiva kabla sosi haijaingia. Kata kuku wako, mchemshe kidogo utoe povu, umwage hayo maji. Kwenye sufuria kavu weka sukari kijiko kimoja na mafuta, iyeyuke iwe ya kahawia isiungue, tupa kuku ndani mgeuze. Tangawizi vipande, saumu nzima nzima, ile nyota yenye pembe nane moja au mbili tu zisizidi maana ina nguvu, mdalasini wa Zanzibar kipande. Soya sosi nyepesi vijiko vitatu kwa kuku mzima, nzito kijiko cha chai. Maji ya moto yamfunike. Moto mdogo, umwache mpaka alainike mwenyewe, jogoo mkubwa saa mbili zinaweza kupita. Mwishoni fungua ongeza moto mchuzi ukauke ubaki mzito unamshika. Hii nilipeleka kwenye harusi moja Nzuguni, wakwe waliomba tena.

Pilipili za Sichuan, zile za kutia ganzi mdomoni, kwenye hii unaweza kuweka chache. Zisikutishe, sio pilipili kichaa, ni punje za mti mwingine kabisa. Chagua zilizo wazi na tupa mbegu nyeusi za ndani, zina mchanga mchanga.

#26 Mama Twins Kisasa

Friza yao vipi? Kuna zile sambusa za kuchemsha, watoto walizila kwa jirani wanazitaka kila siku.

#27 Mpishi wa Ilazo

Hizo 饺子, nzuri sana, ila kwanza herufi za Laoshi uzitumie maana nyingi ni nguruwe, zipo za kuku, ng'ombe na mboga. Cha pili shika pakiti utikise. Zikicheza moja moja zipo sawa. Zikiwa zimeshikana donge moja na ndani kuna barafu nyingi kama chenga, zimeyeyuka zikaganda tena, na umeme wetu unavyokatika hilo lazima uliangalie. Mi friza naiendea mwisho kabisa, nalipa, naondoka, na nabeba begi langu lenye kitambaa kizito. Mifuko ya plastiki ilikatazwa Juni 2019 na ile mbadala wanayouza kaunta haihifadhi baridi.

Na jambo la msimu, karibu na mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda kwao vinafungwa na mzigo wa meli unachukua wiki nyingi kufika. Chupa zako nunua kabla.

#28 Kipanga Dom

Nimefika leo na uzi mkononi. Nimetoka na nyepesi ya 0.80, siki ya Zhenjiang, tambi za 绿豆. Nimelipa kwa lipa namba, risiti nimedai nimepewa. Yule binti wa kaunta ameniuliza hizo namba za nyuma ya chupa ni za nini, nimemuonesha, akaenda kuangalia chupa nyingine zote za rafu ile.

#29 Laoshi Mdogo

Safi sana. Na hao mabinti wa kaunta wakifundishwa hizi herufi chache wataokoa watu wengi. Nipo tayari kuwaelekeza bure, mwenye mawasiliano na mwenye duka aniunganishe.

#30 Haubi Kwetu

Wakuu mi nipo Kondoa huku hakuna duka la hivyo. Naweza kutumiwa chupa kwa basi au zitapasuka?

#31 Mpishi wa Ilazo

Zinafika. Soya sosi agiza ya chupa ya plastiki, zipo za lita 1.9 zenye mshikio, hizo hazina shida kabisa. Siki na mafuta ya ufuta ni chupa za kioo, funga kila moja na gazeti, kifuniko kizungushie selotepu, zisimame wima kwenye boksi, nafasi zilizobaki jaza mifuko ya tambi na uyoga mkavu, havina uzito na vinazuia kugongana. Andika juu VIOO na namba yako ya simu, mpe kondakta mkononi usiache kwenye buti la chini. Vya friza usitumiwe. Niandikie unataka nini na kiasi gani, Alhamisi naenda kununua vya wikiendi, nitakupitishia stendi.